Ushauri elekezi katika kinga ya VVU na kupunguza madhara ya dawa za kulevya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwa simu, kwenye semina na pembeni mwa vituo vya huduma, na wauguzi, waelimishaji rika, vijana waliomaliza chuo na watu walioachishwa kazi miradi ilipofungwa. Mengi yametoka Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimekuelekeza kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Mshauri elekezi wa mambo haya anafanya kazi gani hasa?

Anakodiwa kwa muda, labda siku 10, labda siku 40, afanye kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Anatathmini mradi unaofika ukingoni. Anafundisha wauguzi wa kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtu badala ya heroini. Anaandika mwongozo wa kutoa dawa kinga ya VVU kwa watu wanaojidunga. Anapitia madaftari ya kliniki na kueleza kwa nini wateja wengi wanaacha dawa ndani ya miezi ya mwanzo. Nchi inapoomba fedha Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, yeye ndiye anayekaa na watu wa wizara na asasi usiku kucha kulisuka andiko.

Hana mshahara wa mwezi, likizo wala bima ya mwajiri. Anakabidhi kazi, analipwa, anaondoka.

Kwani huyo si mshauri nasaha?

Hapana, ingawa Kiswahili kinawaita wote wawili washauri na watu wanachanganya kila siku. Mshauri nasaha anakaa na mtu mmoja mmoja, kabla na baada ya kupima au katika safari ya kuacha unga, yaani heroini. Mshauri elekezi anaishauri taasisi, yaani asasi, halmashauri, wizara au mfadhili. Wengi wetu tulianzia unasihi, na nawahesabu hao kuwa wamepita shule nzuri kuliko zote, kwa sababu walijifunza kunyamaza na kusikiliza.

Kupunguza madhara ni nini? Si ndiyo kuwaruhusu watu watumie unga?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi. Kupunguza madhara ni kumhudumia mtu kabla hajaacha. Leo anajidunga. Kesho huenda akaacha, huenda asiache. Kati ya leo na kesho hiyo anaweza kupata VVU, homa ya ini ya C, jipu kwenye mkono, au kufa kwa kuzidisha dozi. Bomba na sindano safi, methadoni, kondomu, upimaji, ARV, matibabu ya homa ya ini na kifua kikuu vinamweka hai na kumweka karibu na watu wanaoweza kumsaidia siku atakapokuwa tayari.

Hoja si ya huruma peke yake. Uchunguzi uliofanyika Kenya mwaka 2011 ulikuta asilimia 18.3 ya watu wanaojidunga wanaishi na VVU, wakati kwa watu wazima kwa jumla kiwango kilikuwa kati ya asilimia 5 na 6. Watu hao wana wake, waume na wapenzi. Sindano inayochangiwa uchochoroni haiishii uchochoroni.

Wala si mambo mapya. Amsterdam ilianza kubadilisha sindano mwaka 1984. Barani kwetu, Mauritius ilianza methadoni na sindano safi mwaka 2006. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye Unguja na mikoa mingine. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, halafu Malindi na Kisauni mwaka 2015. Uganda ilifungua kliniki yake Hospitali ya Butabika, Kampala, mwaka 2020. Mshauri elekezi anayeingia leo anakuta uzoefu wa zaidi ya miaka kumi wa Waafrika wenzake, na aibu ni kuja kufundisha bila kuusoma.

Ajira hizi ziko wapi?

Asasi za kiraia, wizara za afya na taasisi za serikali za UKIMWI (NASCOP kule Kenya, TACAIDS kwa Tanzania Bara), mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNODC (la dawa za kulevya na uhalifu), UNAIDS na WHO, pamoja na vyuo vya utafiti. Pwani ya Kenya asasi za wenyeji zilitangulia: The Omari Project ya Malindi ipo tangu miaka ya 1990, na Mombasa wapo MEWA na Reachout Centre Trust. Ukijua Kifaransa pamoja na Kiswahili, Burundi na mashariki ya Kongo zinakufungukia pia.

## Kuingia kwenye kazi

Lazima niwe daktari?

Si lazima. Madaktari na wafamasia wanahitajika pale kazi inapogusa dozi. Kwingine nimefanya kazi na maofisa ustawi wa jamii, wanasheria, wachumi, wauguzi, watu wa takwimu na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa anaandika ripoti safi kuliko sisi wote. Kinachotakiwa ni jambo moja unaloweza kulifanya vizuri bila kusimamiwa. Mtu anayesema "naweza yote" hukosa yote, kwa sababu anayekodi anatafuta fundi wa kazi fulani.

Hata hivyo, usiye wa afya lazima ujue mambo kadhaa ya tiba. Nimeyaeleza kwenye swali la Nijue nini kuhusu dawa zenyewe?

Uzoefu wa miaka mingapi unatosha?

Matangazo mengi yanataka miaka 5, 7 au 10. Njia ninayoiamini ni kukaa ndani ya mradi miaka mitatu au minne kwanza, ukiwa umeajiriwa, ukiandika ripoti za robo mwaka na kukosolewa. Ukitoka hapo, ingia kama msaidizi wa mshauri mzoefu kwenye tathmini mbili tatu. Utalipwa kidogo. Lakini jina lako litakaa kwenye jalada la ripoti, na jalada hilo ndilo utakaloambatanisha safari ijayo. Kwa hiyo kabla ya kukubali usaidizi, uliza wazi: "Jina langu litaandikwa?"

Niliwahi kutumia unga, sasa nakunywa methadoni. Nafasi yangu ipo?

Ipo, na tunakuhitaji. Kuna mambo ambayo hata nikisoma miaka ishirini sitayajua kama unavyoyajua wewe: arosto (maumivu ya kukosa unga) ya saa kumi alfajiri, bei ya kete (kipimo kidogo cha unga) inavyobadilika polisi wakipita, maskani (kijiwe cha wanaotumia) ipi inapokea wanawake na ipi inawafukuza. Mitandao ya watu wanaotumia dawa za kulevya, TaNPUD Tanzania na KeNPUD Kenya, imetoa watu wanaokaa meza moja na wizara.

Ila nakuonya kwa upendo. Usikubali kuitwa "mtoa ushuhuda" huku mwenzako mwenye digrii akiitwa mshauri, na wote wawili mmekusanya taarifa zilezile, jua lilelile. Ukifanya kazi ya ushauri elekezi, omba mkataba wa ushauri elekezi na malipo ya siku, si nauli na soda. Ongea pia mapema kuhusu ratiba ya dawa yako. Safari ya siku tano kwenda mkoa usio na kliniki inahitaji kupangwa na kliniki yako, na mwajiri anapaswa kusubiri mpango huo ukamilike.

Kama hutaki historia yako ijulikane, ni haki yako. Hakuna hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayotoa anayekodi, zinazoweza kukulazimisha uitaje.

Mimi sijawahi kufika maskani hata mara moja. Nianzeje?

Nenda na mwelimishaji rika, kamwe usiende peke yako. Siku ya kwanza usibebe daftari. Salimia wakubwa wa pale, maana kila maskani ina mkubwa wake. Usipige picha. Usivae fulana yenye nembo kubwa ya mradi, inawachongea watu kwa majirani. Ukikuta mtu ndiyo kwanza anatafuta mshipa, geuka na usubiri.

Maskani ya asubuhi si maskani ya jioni. Saa mbili asubuhi watu wengi wana arosto: pua zinatiririka, mwili unauma, hakuna mwenye hamu ya maswali yako. Ukihojiana na mtu wakati huo atakujibu chochote umwache aende. Saa tano, akishatulia, huyo huyo atakueleza maisha yake yote.

Kuna chuo kinachofundisha jambo hili?

Shahada za afya ya jamii, ustawi wa jamii, saikolojia na takwimu za afya zinakubalika kote. Mafunzo mafupi ya tiba ya uraibu na ya ufuatiliaji na tathmini yanaongeza uzito. Lakini usikope fedha kwenda kusoma shahada ya pili kabla hujafanya kazi uwandani, utaisoma ukiwa hujui unatafuta nini ndani yake.

## Kupata kazi, na pesa

Kazi zinatangazwa wapi?

Za Umoja wa Mataifa zinapatikana kwenye tovuti za mashirika yenyewe na kwenye UNGM, tovuti ya pamoja ya zabuni zao, ambako unajisajili bure. Zabuni za serikali ya Tanzania zinapitia mfumo wa NeST. Asasi hutangaza kwenye kurasa zao, na zaidi ya hapo hupelekeana majina kwa simu. Ndiyo maana kazi ya kwanza iliyofanywa vizuri huleta ya pili, na ripoti iliyocheleweshwa wiki tatu hukufungia milango usiyoijua.

Ukiombwa pesa "ya kufanikisha" kazi ya ushauri, huyo ni tapeli.

Nisomeje hadidu za rejea?

Anza na siku, kisha shuka kwenye majukumu. Nimewahi kuona tathmini ya mikoa minne, mahojiano zaidi ya mia, warsha ya kuthibitisha matokeo na ripoti kwa lugha mbili, vyote ndani ya siku 18. Kazi hiyo haiwezekani, na anayeikubali atadanganya mahali fulani, mara nyingi kwenye mahojiano.

Kisha tafuta mambo matatu. Nani analipa kibali cha utafiti na muda wake? (Tazama Nahitaji kibali?) Nani analipa waelimishaji rika watakaokupeleka? Na nani anamiliki takwimu baada ya wewe kuondoka? Yasipoandikwa, uliza kwa maandishi kabla ya kutuma andiko lako. Kuuliza hakukupunguzii heshima. Watangazaji makini hufurahi.

Nitoze kiasi gani kwa siku?

Mashirika ya kimataifa yana viwango vyao, na nafasi ya kujadiliana ni ndogo. Kwa asasi za nyumbani unapaswa kujua hesabu yako mwenyewe, na hesabu yenyewe ni hii, kwa mfano tu. Tuseme unataka kubaki na shilingi za Tanzania 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka. Ongeza bima ya afya, intaneti, kompyuta, nauli za mikutano na akiba ya uzeeni, tuseme 6,000,000. Jumla 30,000,000. Sasa usigawanye kwa siku 365, wala kwa siku za kazi za ofisi. Mshauri anayejitegemea hutumia siku nyingi kuandika maandiko yasiyoshinda na kudai malipo. Akiuza siku 100 kwa mwaka, amefanya vizuri. Gawanya 30,000,000 kwa 100: unapata 300,000 kwa siku, na hapo kodi bado.

Watu hushtuka wakiona 300,000 na kusema mshauri anakula pesa ya wagonjwa. Waonyeshe hesabu hiyo. Na wewe ukishaiona, usijiuze kwa 80,000 kwa kuogopa kukosa, kwa sababu utalazimika kuchukua kazi nne kwa pamoja, na zote nne zitaharibika.

Kodi inakuwaje?

Kwa mkazi, Tanzania na Kenya zote hukata asilimia 5 ya zuio (kodi anayoikata anayekulipa) kwenye malipo ya ushauri. Kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, kwa hiyo dai cheti cha zuio kila unapolipwa na kitunze. Tanzania unahitaji TIN, Kenya unahitaji PIN ya mamlaka ya kodi (KRA) na ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Tafuta mhasibu wa kukuandalia hesabu za mwaka. Ni gharama ndogo kuliko faini.

Malipo yakichelewa nifanye nini?

Yatachelewa. Jikinge tangu kwenye mkataba: gawa malipo kwa awamu, sehemu ya kwanza baada ya ripoti ya awali, nyingine baada ya rasimu, ya mwisho baada ya ripoti kamili. Weka neno kwamba rasimu isipotolewa maoni ndani ya siku kadhaa itahesabiwa imekubaliwa. Bila kipengele hicho, nilisubiri maoni ya rasimu moja miezi saba.

## Ukiwa kazini

Nahitaji kibali?

Kama unahoji watu na utachapisha au kutumia majibu yao zaidi ya ndani ya mradi, chukulia kwamba unahitaji. Tanzania Bara maadili ya utafiti wa afya yanapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na watafiti huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambulika pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Zanzibar ina taratibu zake, na kibali cha Bara hakikuvushi bahari. Ukitoka hapo bado kuna barua za mkoa, wilaya na mtendaji au chifu. Hesabu wiki, si siku.

Nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Orodha ya majina ya watu wanaojidunga, ikiwa kwenye simu yako bila nywila, inaweza kumpeleka mtu jela au kumvunjia ndoa. Usikusanye majina usiyoyahitaji. Kwa tathmini nyingi huyahitaji.

Nijue nini kuhusu dawa zenyewe?

Angalau haya. Heroini hutoka mwilini haraka, arosto huanza ndani ya saa chache, na ndiyo maana mtu anajidunga mara tatu au zaidi kwa siku. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo kikombe kimoja asubuhi kinamtosha mtu kwenda kazini. Kwenye sindano, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2012 iliita huduma ni ya kiwango cha juu ikitoa zaidi ya 200 kwa mtu kwa mwaka. Piga hesabu: anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji zaidi ya 1,000. Mradi ukikuambia umetoa sindano 30 kwa mtu kwa mwaka, unajua pa kuuliza.

Jua pia dawa zinavyokutana. Rifampisini ya kifua kikuu, na ARV za zamani kama nevirapini na efavirenzi, hufanya mwili umalize methadoni upesi. Mtu anaanza dawa za TB, baada ya wiki moja au mbili dozi yake ya methadoni haimfikishi jioni. Anarudi kwenye unga. Kliniki inaandika "mteja hana nidhamu". Nimekaa karibu na dirisha la dawa nikamsikia kijana akimwambia muuguzi, "Dada, hii ya leo imefika saa kumi tu," na muuguzi, aliyechoka na foleni, akamjibu dozi yake haijabadilika. Kwenye faili lake, ukurasa wa pili, ilikuwa imeandikwa ameanza dawa za TB siku kumi na mbili zilizopita. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mshauri anayejua jambo hili atapendekeza TB na methadoni vizungumze kwenye faili moja. Asiyelijua atapendekeza semina ya nidhamu.

Nitumie maneno gani kuwataja watu?

"Teja" ni neno la kumdharau mtu. Wenyewe wanaweza kutaniana nalo maskani, wewe usiliandike. Andika mtu anayetumia dawa za kulevya, mtu anayejidunga, mtu anayeishi na VVU. "Mwathirika" liache. Sindano si "chafu" na mtu si "msafi" kwa sababu ameacha. Sema iliyotumika, sema ameacha.

Washiriki wa mahojiano walipwe?

Warudishiwe nauli na wafidiwe muda wao, kiasi kilichoidhinishwa na kamati ya maadili. Kuna wanaosema watanunulia unga. Huenda wengine watanunua. Mimi nikilipwa posho ya warsha hakuna anayeniuliza nimenunua nini.

Nawezaje kujua kwamba sijadanganywa na takwimu?

Nieleze kosa langu. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo, kwa asasi nisiyoitaja, nilikuta stoo imejaa mabomba ya sindano. Maboksi mpaka dirishani. Daftari lilionyesha wanaochukua wanapungua mwezi hadi mwezi. Nikaandika kwenye rasimu: mahitaji yameshuka, mradi upunguze manunuzi.

Siku ya mwisho, mwelimishaji rika, mama wa makamo, aliniomba dakika tano. Akatoa mfukoni bomba la mradi, la mililita 5, sindano nene kama ya kushonea gunia. Akalilaza pembeni ya bomba dogo la mililita 1 lenye sindano nyembamba. "Mwanangu, mshipa wa mtu aliyejidunga miaka kumi utapokea lipi?" Watu walikuwa wanachukua makubwa kwa heshima, wanayatupa, kisha wanachangia madogo wanayonunua duka la dawa. Mahitaji hayakuwa yameshuka hata kidogo. Nilifuta kurasa sita. Tangu siku hiyo, kila takwimu ninayotaka kuiweka kwenye ripoti naipeleka kwanza kwa mtu anayeigusa kwa mikono na namuuliza: wewe unaonaje?

Maswali mengine yaliyonisaidia: Kliniki inafunguliwa saa ngapi, na mbeba mizigo wa sokoni anaanza kazi saa ngapi? Nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, mara siku 30? Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anasimama foleni gani? Mwezi wa Ramadhani dawa inanywewa saa ngapi?

## Mambo magumu

Polisi wakifika nikiwa maskani?

Usikimbie. Uwe na kitambulisho, nakala ya barua za utambulisho na namba ya mtu wa mradi anayefahamiana na kituo cha polisi cha eneo hilo. Nenda ujitambulishe kituoni kabla ya kazi, bila kutaja maskani wala majina. Kumbuka wewe ukionyesha barua utaachiwa, uliokuwa nao hawana barua. Kama kufika kwako kunavuta doria, hamishia mahojiano kwenye kituo cha huduma.

Mtu akizidisha dozi mbele yangu?

Acha ushauri elekezi, okoa mtu. Akiwa haamki, anapumua polepole au kwa kukoroma, midomo imebadilika rangi, ita msaada. Fungua njia ya hewa, msaidie kupumua, mpe naloksoni (dawa inayoondoa athari ya heroini) kama ipo na umefundishwa. Anapopumua mwenyewe mlaze ubavu. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Kaa naye: naloksoni huisha mwilini ndani ya saa moja hivi, na anaweza kuzama tena, hasa kama alikunywa methadoni. Kabla hujaanza kazi yoyote ya uwandani, uliza naloksoni iko wapi na nani ana funguo za kabati.

Mfadhili au asasi ikitaka nibadilishe matokeo?

Tofautisha mambo mawili. Kukosoa lugha, kuongeza muktadha au kurekebisha tarakimu ni haki yao, na mara nyingi wako sahihi. Kufuta jambo ulilolithibitisha si haki yao. Jibu kwa maandishi, taja ushahidi, wape nafasi ya kuandika maelezo yao kama kiambatisho. Wakishikilia, ondoa jina lako. Nimeliondoa mara moja. Awamu ya mwisho ya malipo sikuiona, na singeiomba.

Serikali ikibadilisha msimamo katikati ya kazi?

Hutokea. Februari 2017 Tanzania Bara ilisimamisha huduma za VVU kwa makundi maalumu katika vituo 40, na watu walioajiriwa humo wakajikuta nyumbani. Methadoni iliendelea kwa sababu ilikuwa ndani ya hospitali za serikali, ikiwa na wauguzi wa serikali na jina la tiba. Nilichojifunza ni kuandika mapendekezo ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuyabeba, hata kama leo anayelipa ni asasi.

Mwaka 2025 miradi mingi ilisimama. Bado inafaa kuingia?

Amri ya Marekani ya Januari 20, 2025 ilizuia misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Waelimishaji rika ndio waliotoka kwanza, wale wenye mikataba midogo kuliko yote. Nilipokea simu za watu waliokuwa wanawafuatilia wateja kwa miaka, wakiuliza waendelee kwenda maskani kwa nauli ya nani.

Kwa hiyo kazi zimebadilika. Wizara na halmashauri sasa zinahitaji watu wa kuhesabu gharama halisi ya mteja mmoja wa methadoni, kuingiza huduma kwenye bajeti na bima za ndani, na kuunganisha kliniki na huduma nyingine za hospitali. Kuna pia kinga mpya: Julai 2025 WHO ilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kinga ya VVU inayochomwa mara 2 tu kwa mwaka. Ili imfikie mtu asiye na anwani wala simu ya kudumu, lazima mtu akae na kupanga namna. Usiache ajira ya kudumu leo kwa kutegemea ushauri elekezi pekee. Anza na kazi moja pembeni, ukiwa na ruhusa ya mwajiri.

Kazi imeisha na ripoti imepokelewa. Bado nina deni lolote?

Unalo kwa waliokueleza maisha yao. Rudi na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, au bila karatasi kabisa, ukae maskani au kituoni ueleze ulichokiona na ulichopendekeza. Watakusahihisha, na marekebisho hayo yaingie kwenye toleo la mwisho. Siku hiyo moja na nauli yake iandike kwenye bajeti tangu andiko la kwanza, pamoja na malipo ya mwelimishaji rika atakayewakusanya watu, kwa sababu mkataba ukishasainiwa hakuna atakayeiongeza.